Kumi Juu ya Kumi

Jumatatu, 1 Septemba
Nimeamka saa kumi na moja na nusu, nimeosha gari, nimekunywa chai nikiwa nimesimama. Watoto wa tajiri wamefika shule saa moja na dakika tano. Saif alisahau chupa ya maji, nikarudi kuichukua. Kawaida.

Saa nane kasorobo nikiwarudisha, gari imezima tena. Mara ya nne tangu shule ifunguliwe. Raundabauti ya karibu na shule, AC juu, joto arobaini na tatu. Unapunguza mwendo, injini inakata. Hakuna taa, hakuna kelele. Usukani unakuwa mzito, breki inakuwa jiwe, nyuma una watoto wawili wa watu na lori linakupigia honi. Ukingoja dakika kumi inawaka. Nzima kabisa. Kama si yeye.

Gari mpya, viti saba. Ina miezi mitano tu. Bado inanuka duka.

Sir, huyo tajiri wangu Mwarabu hapa ugenini, ameniambia niandike. Kila ikizima: tarehe, saa, kilomita, joto, mahali, picha. Anasema shida ile ile ikijirudia na gereji yao ishindwe kuitoa, kampuni iliyotuuzia inapaswa kuichukua na kuleta nyingine. Amenipa daftari la bluu. Hilo naandika kwa Kiingereza, ni la Sir. Hili ni langu, na humu nitasema nionavyo.

Nionavyo ni kwamba la kuvunda halina ubani.

Jumatano, 3 Septemba
Gereji ya kampuni. Mara ya kwanza.

Saa tatu nzima kwenye kiti cha plastiki. Wamechomeka kompyuta yao, wamezunguka na gari kidogo asubuhi kukiwa bado na ubaridi, wamerudi na karatasi: hakuna hitilafu iliyoonekana. Haiwezi kuonekana! Nimewaambia inazima mchana, watu wakiwa ndani, AC ikivuta. Fundi akasema yalla, niende zangu, wao ndio wanajua magari.

Kitu kimoja kizuri. Msichana wa mapokezi alinisikia nikiongea kwa simu na mke wangu, mama Ivy, akaruka. Anko, wewe ni wa kwetu! Nekesa. Wa Webuye. Mimi wa Kimilili, jirani kabisa. Akanimiminia chai ya maziwa kutoka kwa chupa yake mwenyewe, si ile ya mashine. Tukaongea Kibukusu mpaka nikasahau nimekuja na ugonjwa.

Nikitoka akaniomba kitu. Kampuni hutuma meseji kwa aliyechukua gari: tupe alama, moja mpaka kumi. Nambari iliyo kwa faili ni yangu, Sir hapendi kusumbuliwa. Anko, nipigie kumi, tafadhali. Bado yuko kwa majaribio na hizo alama wanamhesabia yeye. Tisa kwao ni kama sifuri.

Nikapiga kumi. Chini pana mahali pa kuandika neno. Nikaandika kwa Kiingereza kwamba kila kitu ni salama, Mungu awabariki. Mtu akikupa chai utamwandikia nini?

Jumanne, 9 Septemba
Imezima mara mbili. Asubuhi pia, na haikuwa na joto sana. Hamda, dada yake Saif, ameniuliza kama tutakufa. Ana miaka tisa. Nimemwambia hapana, nimeendesha malori Mombasa mpaka Malaba miaka kumi na moja, nimeshuka mteremko wa Salgaa na mzigo wa saruji, sijagonga hata mbuzi. Akauliza mbuzi gani.

Nimecheka.

Alhamisi, 11 Septemba
Gereji tena. Hakuna hitilafu iliyoonekana. Chai. Kumi.

Jumanne, 16 Septemba
Haikuzima leo. Sijui nifurahi ama nikasirike. Imefika mahali naomba izime nikiwa peke yangu, ili niandike, lakini isizime watoto wakiwa ndani. Maombi gani hayo.

Jumatatu, 22 Septemba
Mara ya tatu gereji. Leo nimesisitiza. Nimesema twendeni wote saa nane, jazeni viti, mimi nakaa nyuma. Meneja wao akatoka ofisini kuniangalia. Mtu mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Akauliza nilikuwa naendesha nini kwetu. Nikamwambia malori. Akatikisa kichwa na kuandika.

Sikuipenda hiyo kalamu.

Walibadilisha kitu fulani cha mafuta, wakaniambia khalas, yameisha, imepona. Nekesa hakuwa na raha. Mwezi jana kuna mteja alimpa nne kwa sababu ya kungoja, na yeye si fundi! Ana mtoto wa miaka miwili kwa mamake Webuye. Nimempa kumi kabla sijatoka kwa geti, akaiona ikiingia, akanipungia mkono kupitia kioo.

Jumatano, 24 Septemba
Imepona wapi. Imezima mbele ya msikiti wa Al Warqa watu wakitoka kuswali. Wanaume wanne wamenisaidia kuisukuma kando. Mmoja akasema inshallah itawaka. Ikawaka.

Nimeirudisha alasiri hiyo hiyo. Mara ya nne. Karatasi ile ile, maneno yale yale. Na mimi kidole changu kile kile.

Jumapili, 28 Septemba
Siku yangu ya mapumziko. Baada ya kanisa nimeenda Al Qusais kwa Opio. Mganda, askari wa ghala, tulilala chumba kimoja mwaka wangu wa kwanza kabla sijapata kazi kwa Sir. Kanipikia posho, ugali wa kwao, na maharagwe. Nikamweleza yote.

Opio ni mtu wa maneno machache na yote mabaya. Amesema, ssebo, yaani bwana, rudisha hiyo funguo. Hiyo gari itakula kazi yako. Nikamwambia Sir yuko upande wangu, ndiye aliyeniambia niandike. Opio akaniongezea maharagwe.

Alhamisi, 2 Oktoba
Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Barabara kuu, njia ya katikati, mwendo mia moja. Ikakata. Usukani ukakakamaa. Nilishikilia kwa mikono miwili na mguu nimeukandamiza kwa breki mpaka goti likalia, nikaivuta pole pole mpaka pembeni. Basi lilipita karibu sana, gari yote ikatikisika. Saif alitapika. Hamda hakulia, alinishika shingo kutoka nyuma na hakuniachilia mpaka polisi walipofika na taa zao. Waliwasha taa nyuma yetu, wakatuwekea koni, wakanipa maji. Wazuri sana wale vijana.

Madam, mke wa Sir, alikuja na teksi kuwachukua watoto. Hakuniangalia.

Nimeogopa. Basi. Miaka kumi na tisa kwa usukani na leo nimeogopa kama mtu wa leseni ya jana.

Ijumaa, 3 Oktoba
Nimemsikia Madam jikoni akiongea na Sir. Kiarabu sijui, lakini neno lao la dereva nalijua.

Jumanne, 7 Oktoba
Mara ya tano gereji. Wamekaa na gari tangu Ijumaa. Hakuna hitilafu iliyoonekana. Hata ya barabara kuu, kompyuta yao haikumbuki. Eti kama injini ingezima, ingeandikwa humo. Mimi nimo ndani ya gari, polisi wametuona, lakini shahidi ni kompyuta.

Leo nilikuwa nimeamua. Meseji ikija, naweka moja. Nimekaa ndani ya gari pale nje na simu mkononi. Ikaja. Kisha Nekesa akatoka mbio na karatasi niliyosahau, amevaa viatu vya ofisi, anakimbia juani kama mtoto aliyetumwa dukani. Akaniambia wiki ijayo ndiyo wanaamua kama wanamwajiri kabisa ama anarudi nyumbani. Hakuniomba chochote leo. Alisema tu, anko, niombee.

Gari ni chuma. Huyu ni mtoto wa watu. Nikapiga kumi, nikaandika Mungu awabariki, nikaondoka na kasirani yangu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Sir amepeleka malalamiko. Amechukua daftari la bluu, mara kumi na nne zimeandikwa, picha arobaini na moja. Akalifungua ukurasa kwa ukurasa, akasema, Simiyu, hii ni kazi nzuri. Akanipa mkono. Miaka mitatu kwa nyumba hii, hiyo ni mara ya pili.

Wiki ijayo tunakutana na kampuni. Mimi pia niende, kwa sababu mimi ndiye shahidi.

Nimepiga pasi shati jeupe mara mbili.

Jumatano, 15 Oktoba
Naandika mkono ukiwa mzito.

Chumba cha vioo, hapo hapo gereji. Sir, mimi, meneja wa shati la pasi, na mtu wao mwingine wa sheria. Sir akaweka daftari mezani. Meneja hakuligusa. Akasema wanaheshimu sana maoni ya wateja, akageuza kompyuta ili tuone wote.

Kumi. Kumi. Kumi. Kumi. Kumi. Tarehe zote tano, nambari yangu ya simu. Na chini ya kila moja maneno yangu mwenyewe: kila kitu ni salama, Mungu awabariki.

Sir aliniuliza kama ni mimi niliyeandika. Nikasema ndiyo, Sir. Akaniuliza kwa nini.

Nekesa alikuwa upande wa pili wa kioo. Ameshika simu sikioni lakini haongei. Alijua tunachoangalia. Ningesema tu, huyo msichana aliniomba. Ni kweli tupu, na msema kweli ni mpenzi wa Mungu, nimefundishwa tangu nikiwa sijui kufunga kamba za viatu. Ningesema, na jioni angekuwa anafunga sanduku lake.

Nikasema sikuelewa swali, Sir. Kiingereza changu si kizuri.

Mjinga mimi! Mjinga wa mwisho! Meneja alilivuta daftari la bluu hapo hapo. Akasema, kama Kiingereza chake si kizuri, nani aliandika haya yote? Akasoma mstari mmoja kwa sauti. Ulikuwa mstari mzuri, niliuandika kwa makini. Kisha akaeleza kwa upole sana kwamba madereva wa malori huwa na mazoea fulani ya miguu, gari za kisasa hazipendi, na gari lao halina kosa lolote.

Sir alilitazama daftari, akanitazama mimi, akalifunga. Tukarudi. Na hilo gari la shetani likatembea vizuri mpaka nyumbani, halikukohoa hata mara moja.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nekesa ametuma ujumbe wa sauti. Analia. Anasema wamemwajiri, barua amepewa jana jioni, na hawezi kuishika hiyo barua. Anataka kwenda kwa meneja aseme.

Nimemwambia anyamaze. Akisema, kazi yake itaenda na yangu haitapona. Maji yakimwagika hayazoleki. Nimemwambia ale, alale, aende kazini.

Kusema kweli nilikuwa na hasira naye kidogo. Si kidogo. Lakini yeye aliomba tu. Kidole kilikuwa changu.

Jumatatu, 20 Oktoba
Tangu Alhamisi iliyopita haijazima hata siku moja. Joto limeshuka, asubuhi kuna upepo. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Hata jua limehamia upande wao.

Madam sasa anakaa kiti cha nyuma na watoto, anaangalia miguu yangu.

Ijumaa, 24 Oktoba
Khalas.

Sir ameniita kwenye baraza baada ya swala. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema Madam hana amani, na yeye hawezi kuendelea na dereva akiwa hajui ni yeye anayedanganywa au ni kampuni. Visa inafutwa. Tiketi atanunua, ya tarehe kumi na tatu mwezi ujao, nipate muda wa kutafuta kazi kwingine kama nitaweza. Nikasema asante, Sir. Nimesema asante! Mdomo wangu una adabu kuliko akili.

Hamda amenipa mchoro. Gari, watu watatu ndani, na pembeni mbuzi.

Jumatatu, 27 Oktoba
Al Qusais. Kitanda cha chini kwa Opio. Yeye yuko zamu ya mchana, kwa hivyo mchana chumba ni changu na mafeni mawili.

Opio hakusema nilikuambia. Alinionyesha tu ndoano ya kutundika shati.

Jumatano, 29 Oktoba
Mama Ivy amepiga. Swali lake la kwanza: umefanya nini? Si wamekufanyia nini. Umefanya nini.

Nimemweleza. Akauliza huyo Nekesa ni wa nani pale Webuye. Nikamwambia simjui kwao. Akasema, basi umempa kazi yetu mtu usiyemjua kwao. Nimesema mtandao ni mbaya, nikakata.

Jumamosi, 1 Novemba
Sehemu tatu nimeulizia kazi. Wote wanapiga simu kwa Sir. Sir ni mtu mkweli, anawaambia anachojua.

Jumanne, 4 Novemba
Nimelala tu.

Jumamosi, 8 Novemba
Saa nane na robo meseji. Sir.

Alikuwa anaipeleka familia Hatta, yeye mwenyewe kwa usukani. Kwenye mlima, AC juu, viti vimejaa. Ikakata. Usukani, breki, kila kitu, vile vile nilivyoandika. Wamesimama kando ya barabara. Wote wazima.

Ameandika: imetokea kwangu.

Nimeisoma nikiwa nimekaa kitandani na soksi moja. Nikaisoma tena. Nilidhani nitafurahi. Nimefikiria Hamda tu, anamshika nani shingo.

Nikamjibu: pole sana, Sir, mngoje dakika kumi, itawaka.

Jumatatu, 10 Novemba
Sir amepiga mwenyewe. Amesema alikosea. Hivyo tu, amekosea, na kwa mtu kama yeye hayo ni maneno mengi. Anaanza malalamiko upya na ameniomba picha zote na tarehe, kwa sababu lile daftari la bluu alilitupa.

Alilitupa.

Nimemtumia picha zote arobaini na moja. Tarehe, saa na kilomita nimezitoa humu na kwa simu, nikaziandika upya kwa Kiingereza, kazi ya saa nne. Amejibu: asante, nimepokea.

Sikumwuliza kuhusu kazi. Opio akaniambia uliza, ssebo, mdomo haujengi nyumba lakini unaomba maji. Nikauliza. Sir akasema anasikitika sana, visa imeshafutwa, na dereva mpya amefika wiki jana. Kijana wa Uganda. Mtulivu, hana neno.

Jumatano, 12 Novemba
Sanduku limefungwa. Kilo ishirini na nane, nimetoa viatu vya kazi nimempa Opio, vinamtosha. Ndege ni kesho saa nne asubuhi. Mchoro wa Hamda nimeuweka katikati ya hili daftari usikunjike.

Nekesa amepiga alipotoka kazini. Gari ililetwa gereji Jumapili, leo imetoka. Hakuna hitilafu iliyoonekana. Alimwona dereva mpya, kijana mpole, amekaa kwenye kile kile kiti cha plastiki saa tatu bila kuuliza choo kiko wapi. Nambari kwa faili imebadilishwa, sasa ni yake.

Nikamuuliza kama alimpa chai. Akasema alimpa.

Kisha akasema, anko, naapa sikumwomba kitu. Hata neno moja sikumwambia. Ameweka kumi mwenyewe.